Mdomo Kwanza, Mzani Baadaye

Mimi ni mnene. Naliweka hili mbele kabisa ili msije mkalikuta katikati ya maelezo mkadhani nilikuwa nalificha. Sina ule unene wa kusingiziwa uzazi. Nina mwili wa haja, mwili ambao nikisimama mlangoni mwanga hauingii. Madereva wa bajaji wa Ifakara wananijua. Wakiniona natoka sokoni na kapu huwaambia abiria wengine wasogee, na mimi huwaambia wasisogee sana, kwa sababu na mimi ni abiria mmoja kama wao.

Kazi yangu ni ya meno. Nipo kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa mjini, na ninachofanya pale ni kung'ata. Mkulima akishusha magunia yake, kabla mpunga haujamiminwa, natumbukiza mkono hadi katikati ya gunia, nachota punje chache na kuzibana kwa magego ya kulia. Punje iliyokauka sawasawa hukatika kwa mlio mmoja mkavu. Yenye unyevu hubonyea kwanza ndipo ikatike, na hiyo ukiipeleka kwenye mashine mwenye mali anarudi nyumbani na chenga badala ya mchele. Iliyokaushwa kupita kiasi nayo hupasuka vipandevipande, na mashine huimalizia. Nikisema "anika tena," mtu anatandaza turubai lake uani na kuanika tena. Nikisema "mimina," wanamimina. Wapo wanaotoka Mchombe na kwingineko njia ya Mlimba, wanazipita mashine nyingine wakija kwetu, na wakifika hawaulizii mashine. Wanauliza kama mama wa kung'ata yupo.

Kung'ata nilifundishwa na mama yangu shambani kwetu Mngeta. Mama alikuwa mnene kuliko mimi, na sauti ya punje aliijua hata akiwa anaongea na mtu. Majirani walikuwa wakimletea mpunga kwenye vikombe, anang'ata, anatema kiganjani, anatazama palipokatika, anatoa hukumu. Nilikuwa msichana mdogo na niliona hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo mtu anaweza kuwa nayo duniani. Bado naona hivyo.

Kati ya gunia na gunia mdomo wangu haukai bure, nalo silifichi. Natafuna mchele mbichi, kama wanawake wengi wa mashineni, unautia kidogo kidogo huku mkono ukipepeta. Saa nne tunaletewa chai na vitumbua, chai yenye sukari inayoonekana chini ya kikombe. Watu walikuwa wananitazama nikila na kusema mwili haujengwi kwa matofali, nami niliitikia kwa kuongeza kitumbua kingine. Hao hao waliosema nimenawiri ndio waliokuja baadaye kusema nimezidi.

Siku niliyoona damu mara ya kwanza nilikuwa nang'atia mama mmoja wa Mchombe. Nilitema punje kiganjani nitazame palipokatika, na punje zilikuwa nyekundu. Yule mama akazitazama, akanitazama. Nikacheka, nikamwambia ni damu tu, imezidi. Naye akacheka, akafungua gunia la pili, maana jibu langu alilijua tangu kwao.

Ndivyo tulivyolelewa kuamini. Mtu mnene ana damu nyingi, na damu ikizidi hutafuta pa kutokea. Ikitokea puani au kwenye fizi, shukuru, kwa sababu ingeweza kupanda kichwani. Usiizuie, usiichokoze. Mama alikuwa akitokwa na damu kwenye fizi miaka yote ninayoikumbuka, na kila ilipozidi aliweka mswaki kando, akasukutua kwa maji ya chumvi na kupitisha kidole. Nami nikafanya vivyo hivyo. Fizi ikitoka damu, iache ipumzike. Hakuna aliyetuambia kwamba tukiiacha inapumzika pamoja na uchafu wake.

Haukupita muda mrefu, gego la chini la kulia likaanza kucheza. Hilo ndilo lililokuwa sikio langu. Nikihamishia punje kushoto, nilikuwa nang'ata kwa mdomo wa mtu mwingine. Mlio nausikia lakini siuelewi. Nikaanza kukisia. Na siku moja nilisema "mimina" kwa mpunga ambao ulitaka siku nzima zaidi ya jua, na mashine ikautapika chenga tupu, nyeupe, gunia baada ya gunia, mpaka mwendeshaji akazima mwenyewe. Yule mkulima hakunifokea. Aliokota konzi moja, akaiangalia, akairudisha kwenye kiroba taratibu na kuniaga kwa adabu zote. Afadhali angenitukana.

Mwenye mashine ni mzee ambaye babu zake walitoka pwani kuja kufanya biashara bondeni, na ana duka mbele ya mashine. Aliniita dukani, akanivutia lile benchi pana ambalo hakuna anayeambiwa ni langu lakini kila mtu anajua. Akasema amesikia kuna kifaa cha kupima unyevu, unaweka punje ndani kinakuonyesha namba. Nikamwambia kifaa hakina fizi. Yeye alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeogopa.

"Mama, nenda wakakuangalie hilo jino," akasema. "Msimu ukifunguliwa nataka nijue namtegemea nani."

Nikaenda. Kliniki ya meno niliyoelekezwa ina ukumbi mdogo, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wameshika mashavu. Nilimwambia nesi wa mapokezi kwamba jino linacheza na fizi zinatoka damu. Akanielekeza kwenye mzani. Nikamwambia tena kwamba ni jino. Akasema ni utaratibu, kila mtu anapanda. Nikapanda. Kila mtu alikuwa amepanda kweli, nakubali, lakini wengine kilo zao ziliandikwa kimyakimya. Zangu alizitamka kwa sauti, akimwambia mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa ukumbi, na mwenzake akaomba arudie. Mwanamume mmoja kwenye foleni akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

Nikauliza mdomo wangu utapimwa saa ngapi. Nesi akanionyesha kiti.

Daktari alikuwa binti mwembamba, umri wa kuwa mjukuu wangu kama ningeanza kuzaa mapema. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alinipa shikamoo kabla ya kitu kingine chochote. Nikaitikia marahaba huku nakitazama kiti chake, kile kiti kirefu cha kulala, na nilikuwa nahesabu jinsi nitakavyoaibika kikivunjika. Aliona ninachotazama. Akakibonyeza kwa mguu, kikashuka, akasema kinabeba, nisiwe na wasiwasi. Nikalala. Kililia kidogo, kikatulia.

Alinichokoa fizi moja moja, na kila alipogusa damu ilitoka. Akaniambia mambo ambayo sikutaka kuyasikia. Ugaga, ule uchafu uliogandamana na meno, umejaa mpaka chini ya fizi, fizi zimeanza kuyaachia meno, na mfupa unaoyashika umeanza kuliwa. Lile gego halina tena pa kushikilia, ling'olewe. Mengine yanaweza kupona, ila kwa kusafishwa na kwa mswaki kila siku. Nikamweleza habari ya damu kuzidi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu, kisha akasema damu yangu haijazidi, ni fizi inayoumwa, na fizi ya mtu mwembamba ikiumwa hutoka damu hiyo hiyo. Hapo nilikuwa nimeanza kumpenda. Ndipo akaongeza kwamba mwili wangu nao una sehemu yake.

Nikainuka kwenye kile kiti bila kusaidiwa.

"Nimekuja na jino," nikamwambia. "Kiuno nimekiacha nyumbani."

"Mama, jino halikuja peke yake," akasema.

Akanieleza, na nitayasimulia kama nilivyoyaelewa. Mafuta ya mwilini si gunia lililowekwa stoo likasahaulika. Yako hai, yana kazi zao, na yakiwa mengi yanamwaga ndani ya damu vitu vinavyoufanya mwili ukae na moto mdogo usiozimika. Moto huo peke yake si lazima uunguze fizi. Ila fizi ikishawaka kwa sababu ya uchafu, moto ule unaipepea. Tena mwili mkubwa mara nyingi huongozana na sukari, na sukari ikipanda kwenye damu fizi hazisikii dawa, na fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Akataka nikapime sukari. Akasema pia, bila mimi kumuuliza, kwamba anawaona wanene wenye fizi safi na wembamba ambao vinywa vyao vinatisha, na kwamba hawezi kuniambia katika mdomo wangu ni kiasi gani cha mwili na ni kiasi gani cha mswaki nilioweka kando.

Kwa hilo nilimheshimu, lakini sikuwa tayari kumwonyesha.

"Yule mwembamba mwenye kinywa kibovu," nikauliza, "yeye unamwambia nini kuhusu mwili wake?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, niliona. "Namwambia apige mswaki."

"Basi na mimi niambie hivyo kwanza."

"Piga mswaki, mama," akasema. "Hata damu ikitoka. Hasa ikitoka."

Siku hiyo sikumruhusu aling'oe. Nilipita mbele ya mzani na ya yule nesi nikiwa nimeapa moyoni kwamba mahali pale sirudi. Jino litakaa au litaanguka lenyewe, na kama mwenye mashine anataka kifaa chake anunue. Nilikuwa na hasira iliyonipeleka hadi nyumbani kwa miguu, jambo ambalo mwili wangu haulipendi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mngeta kumwona mama, nimebeba mchele mpya wa mwanzo mwanzo. Mama sasa ni mzee. Mwili wake umepungua, na meno yaliyobaki ni machache, yametawanyika. Akicheka huvuta ncha ya kanga na kufunika mdomo. Wajukuu wanadhani ni haya ya kizee. Nilipika wali, nikaurojesha kidogo apate kuumeza. Zamani mchele mpya ulipofika alikuwa akiuingiza mdomoni mbichi kwanza, kabla ya chungu kuinjikwa. Siku hiyo aliunusa tu kwenye ungo, akasema ni mzuri.

Nikamsimulia habari zote: mzani, sauti ya nesi, kikohozi cha yule mwanamume, binti mwembamba na moto wake mdogo. Nilisimulia vizuri. Nilitaka akasirike na mimi, tukasirike wawili, kisha tule. Lakini mama akawa anausawazisha wali kwenye sahani kwa mgongo wa kijiko.

Akasema fizi zake zilianza kuuma wakati ananinyonyesha mimi, siku hizo nikiota meno ya kwanza. Alikwenda zahanati, akaambiwa apunguze mwili. Maumivu yalipozidi alikwenda mahali pengine, mbali zaidi, akaambiwa apunguze mwili, tena mbele za watu, na mmoja akamuuliza kama kwao huwa anakula na zamu za wengine. Hakuna aliyemwambia afungue mdomo. Akarudi nyumbani na hakwenda tena kokote, meno yakamtoka moja baada ya jingine, mpaka majirani walipoacha kuleta vikombe vya mpunga.

"Angepatikana mtu wa kunitazama mdomoni," akasema, "ningekuwa nang'ata mpaka leo."

Nimeshayasikia maneno makali maishani mwangu, na mengi yalihusu makalio yangu, lakini hakuna lililonipata kama hilo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mama yangu hakuficha. Alibeba maradhi yake mwenyewe akayapeleka kwa watu wenye dawa, nao wakamwona mwili wakaishia hapo. Na mimi nilikuwa nimepata bahati ambayo yeye hakuipata, mtu aliyeshika taa akanitazama mpaka gego la mwisho, nami nikasusa kwa sababu ya nesi mmoja mwenye sauti kubwa. Nilikuwa nataka kujing'oa meno ili nimkomoe.

Nilirudi. Nilipanda mzani nikiwa nimenyoosha shingo, na kabla nesi hajafungua mdomo nikazitamka kilo zangu mimi mwenyewe, kwa sauti, ukumbi mzima usikie. Nikamuuliza kama nimekosea. Akasema sijakosea. Hakukohoa mtu.

Gego likang'olewa. Yaliyobaki yakasafishwa kwa awamu, na nitakuwa mwongo nikisema haikuuma. Nilipiga mswaki asubuhi na jioni, nikitema damu kwenye karai na kuendelea, mpaka siku moja nikatema povu jeupe. Niliita watu waje walione. Sukari walipoipima walisema bado haijafika pabaya lakini njia ya huko inaijua, kwa hiyo sukari ya chai nikaiacha, na vitumbua nikavihamisha kutoka kila siku kuja siku ya gulio. Hilo sikulifanya ili nipendeze machoni pa mtu. Nilifanya kwa sababu nina meno ya kuyalinda, na mtu aliyenifafanulia vizuri namwelewa. Kama nimepungua? Kidogo. Kiasi gani sisemi. Anayetaka kujua amuulize yule nesi.

Na wale wanaonipongeza kwamba sasa nimejitambua, nawaambia nilijitambua zamani. Mwili huu umezaa, umelima, umebeba magunia ambayo wao wasingeyasogeza. Kama unaziletea fizi zangu shida, hilo ni jambo kati ya mwili wangu, fizi zangu na mimi, na tunalizungumza. Halihitaji ukumbi.

Msimu ulipofunguliwa mwenye mashine alikuwa ameshanunua kifaa chake. Kimewekwa juu ya meza ndogo kando ya benchi langu, nacho ni kizuri, sikisemi vibaya. Mimi nimejifunza upya kwa upande wa kushoto. Ilinichukua muda, niliketi nyumbani na vikombe vya mpunga kama mama alivyokuwa akiketi, mpaka magego ya kushoto nayo yakapata masikio. Wakulima wengine wanataka namba, wengine wanataka jino, wengi wanataka vyote viwili, na benchi langu lipo palepale.

Mavuno yalipokaribia kuisha nilimfuata mama Mngeta, nikamleta mjini. Hakutaka kuja. Alisema meno yenyewe yamebaki ya kuhesabika, ya nini tena. Nikamwambia hata hayo yana mwenyewe.

Tulipofika mapokezi nesi alikuwa yule yule. Akamwamkia mama vizuri, kisha akamwonyesha mzani kwa mkono. "Bibi, anza hapa."

Mama akasimama mbali nao, akautazama. Nikaona mkono wake unapanda na ncha ya kanga kuelekea mdomoni, na mguu wake mmoja ukageukia mlango tulioingilia. Nilielewa kwamba akitoka hapo, hatarudi tena.

"Atapanda," nikasema. "Ila kwanza atazamwe mdomo."

Nesi akasema utaratibu hauko hivyo. Nikamwambia najua. Kisha nikaenda nikasimama kwenye mlango wa chumba cha daktari, na mimi nikisimama mlangoni hakuna anayeingia wala kutoka. Wagonjwa wakatazamana. Hakuna aliyecheka. Yule binti mwembamba akaja kuona kwa nini chumba kimeingia giza, akanikuta mimi, na nyuma ya bega langu akamwona mama na kanga yake mdomoni. Hakuuliza kilo.

"Shikamoo bibi," akasema. "Karibu ndani."

Nikasogea, mama akapita. Daktari akashusha kile kiti mpaka chini, mama akaketi, akalazwa taratibu, na taa ikavutwa juu ya uso wake. Daktari akamwomba afungue mdomo. Mama akanitafuta kwa macho, nikamwitikia kwa kichwa. Akaitoa kanga mdomoni, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akafungua. Alikuwa amelingoja neno hilo tangu mimi naota meno.